Kuba la Kumi na Tisa

Jioni hiyo nilipitia duka la dawa kumchukulia dada yangu dawa ya kifua. Ilikuwa chupa ya nne. Muuza dawa alishanizoea, aliifunga kwenye karatasi bila kuuliza kitu, akasema tu, "Mpe pole mgonjwa." Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja lizame. Nilikatiza nyuma ya shule, nikapita uchochoro wa mafundi cherehani, nikafika kwake kabla taa za barabarani hazijawaka.

Nyumba ya dada yangu haikuwa na milango ya ndani.

Ilikuwapo, mpaka miezi mitatu nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba mumewe aing'oe. Kwanza wa chumbani, kisha wa jikoni, mwisho hata wa bafuni. Alisema ikifungwa anakosa pumzi. Baadaye akasema hata ikiwa wazi anakosa.

Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki mimi nina miaka sita na yeye kumi na saba. Akaacha shule ili mimi nisome. Akaja kuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Watoto walimwita Mwalimu Ngoma. Ungemwona jioni ile ungesema ni mtu mwingine. Alilala ubavu, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni, viwiko vimebana mbavu, kama mtu aliyefungashwa ndani ya sanduku. Kitanda kilikuwa cha watu wawili. Yeye alitumia robo.

Na ile pumzi yake... Alivuta hewa kama anayenyonya soda kwa mrija ulioziba.

Ssss.

Kimya.

Ssss.

Hospitali mbili zilimpiga picha. Mapafu safi. Moyo mzima. Daktari wa pili alimuuliza kama ana mawazo.

Niliketi pembeni, nikamnyanyua kichwa, nikampa kijiko cha dawa. Ndipo niliposikia harufu. Saruji mbichi. Harufu ya zege lililomwagwa sasa hivi, kali, inayokausha koo. Nikadhani ni nguo za shemeji, maana shemeji yangu ni fundi wa zege. Nikatazama huku na huku. Chumbani hamkuwa na nguo yake hata moja.

Harufu ilitoka mdomoni mwa dada.

"Mdogo wangu," alinong'ona.

"Nipo, dada."

"Leo nimeyahesabu."

"Umehesabu nini?"

"Matundu." Akavuta hewa. "Ni saba. Ya mviringo. Mkono unapita mpaka hapa." Alijigusa kiwikoni. "Kichwa hakipiti. La juu ni kubwa, lakini kila nikiinuka linapungua. Na samaki... samaki wanapita mbali. Wananiogopa."

Kijiko kilinidondoka.

Watu wengine wangesema mgonjwa anaweweseka. Mimi sikuweza kusema hivyo. Hayo matundu saba nilikuwa nayafahamu. Niliyaandika kila mwezi kwa mkono wangu.

Kazi yangu ni kuhesabu samaki. Nikiwaambia watu hucheka, wananiuliza kama samaki hujipanga mstari. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Pale kwetu miamba ya matumbawe ilikufa zamani, chini pakabaki mchanga mtupu kama uwanja wa mpira. Ukaja mradi wa kujenga miamba bandia. Zege linamwagwa kwenye kalibu, linatoka kuba lenye uwazi ndani, urefu wake unanifika kifuani, na matundu manane ubavuni ya samaki kuingia na kutoka. Juu linaachwa tundu moja pana, kama lile la tangi la maji. Kreni inalibeba, inalishusha baharini, mita kumi na nne chini. Baada ya hapo ndipo naingia mimi na mtungi wangu wa hewa, tochi, na kibao cha plastiki cha kuandikia majini. Nahesabu nani kahamia.

Makuba yalikuwa thelathini na sita. Yote yalijaa. Chewa walikuja, changu wakaja, wale wadogo wa rangi rangi wakaja kwa mamia. Mwani ukaota, kome wakashika, kaa wakapanga bila kuomba ruhusa. Wageni wa mradi walipiga makofi nilipowaonyesha picha.

Isipokuwa la kumi na tisa.

Hilo lilikuwa na kasoro toka karakana. Kizibo kimoja cha kalibu kiligoma kutoka, zege likafunika, likabaki na matundu saba. Hilo peke yake si neno. Lakini miezi minane chini ya maji, kuba lile halikuota hata utelezi. Lilikuwa jeupe, kavu kwa macho, kama limetoka kwenye kalibu asubuhi. Niliweka kamera mbele yake siku tatu. Kundi la samaki lilikuja moja kwa moja, likafika hatua tano, likagawanyika. Nusu kushoto, nusu kulia. Likaungana tena mbele.

Kila mwezi niliandika vilevile: *Namba 19. Matundu 7. Samaki 0.*

Dada yangu hakuwahi kuingia baharini zaidi ya magotini.

Nilimfunika vizuri, nikatoka nyuma ya nyumba. Shemeji alikuwa bombani anaosha miko yake. Ni mtu mpole, mrefu, mikono imechakaa kwa saruji mpaka kucha hazijulikani rangi. Alikuwa mtu wa utani sana kwangu, kama mashemeji wote. Alipomwoa dada yangu aliniambia, "Nimechukua mmoja, nimepewa wawili, hasara kwangu, faida kwenu." Jioni ile hakutania.

"Shemeji," nikamwita, "kuba la kumi na tisa lina nini?"

Hakuuliza kwa nini. Hakusema "lina nini vipi?" Aliendelea kuosha mwiko uliokuwa umeshatakata. Maji yakawa yanatiririka tu.

"Amekwambia?" akauliza mwishowe, sauti ya chini.

"Amehesabu matundu."

Akafunga bomba. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unakumbuka makuba ya kwanza," akaanza. "Yale kumi, kabla hatujaanza kuyapa namba. Yote yalipasuka. Mengine yakazama mchangani mpaka hayaonekani. Nikabadilisha mchanga, nikabadilisha nondo, nikaongeza saruji. Yakapasuka. Pale karakana wakaanza kuniita Fundi Nyufa. Mbele yangu! Mimi niliyejenga nusu ya mji huu."

"Nakumbuka."

"Siku moja mchana, wenzangu wamekwenda kula, akaja mtu getini. Mtu wa kawaida tu, amevaa vizuri. Akaniuliza bahari iko wapi."

Shemeji akageuza uso kuelekea pwani.

"Bahari ilikuwa nyuma yake, shemeji. Inaonekana. Mawimbi yanasikika. Na hakuwa kipofu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwonyesha kwa kidole. Hakugeuka. Akatazama makuba yangu yaliyopasuka, akasema, 'Nyumba isiyo na mwenyeji haipati wapangaji. Weka mwenyeji kwanza.' Nikacheka. Akaniambia nipime urefu wa mtu kwa uzi, toka utosini mpaka kisiginoni, nifunge fundo huku na huku, niuzike kwenye zege la kuba moja. Mengine yote yatakaa."

"Na ukampima nani?"

Nilijua. Nilitaka tu aseme kwa mdomo wake.

"Alisema awe mtu anayeniamini." Machozi yalimtoka bila sauti. "Alikuwa amelala, shemeji. Nilitumia uzi wa kupigia mstari wa tofali. Nilidhani ni maneno tu ya mpita njia. Naapa. Nilidhani nikifanya nitalala, nisipofanya nitaendelea kujiuliza. Baada ya hapo hakuna kuba lililopasuka. Hata moja."

Ningeweza kumpiga. Mwiko ulikuwa pale, mkono wangu ulikuwa pale. Lakini kutoka ndani nilisikia ssss... na ukimya baada yake ulikuwa mrefu kuliko wa mwanzo.

"Unatolewaje huo uzi?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza!"

"Sikuuliza," akarudia, lakini safari hii alitazama chini. Mimi nikadhani ni aibu.

Kesho yake nilikwenda.

Samaki huhesabiwa jua likizama. Wa mchana wanarudi kulala, wa usiku wanaamka, na katika nusu saa hiyo unapata hesabu ya kweli. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona nabeba mtungi kwenda gatini saa kumi na moja na nusu. Kilichomshangaza mwendesha boti ni kuniona peke yangu. Mwendesha boti wetu ni mzee tunayemwita Kapteni Pole, kwa sababu hajawahi kuharakisha kitu tangu azaliwe. Mwenzangu wa kuzama naye alikuwa mafunzoni wiki hiyo.

"Binti, peke yako huruhusiwi," akasema.

"Ni kubadilisha betri ya kamera tu, Kapteni. Dakika kumi."

"Hata kifo ni dakika moja." Lakini akawasha injini.

Nilikuwa na kisu pajani na nyundo ndogo mkononi. Nyundo aliiona. Akageuza boti.

Maji yalikuwa tulivu. Nikajirusha kinyumenyume, nikashuka. Mwamba wa matumbawe ukiwa hai una kelele. Kamba wadogo wanatatarika kama mafuta ya kukaangia. Makuba yetu yalikuwa yamefikia hapo. Nilipita la kumi, la kumi na tatu, kelele imejaa masikioni, samaki wanaingia matunduni mwao kama watu wanaorudi nyumbani na mvua nyuma yao. Mwanga ulikuwa wa kijivu. Juu yangu uso wa maji ulikuwa mwekundu kidogo.

La kumi na saba. La kumi na nane.

Kelele ikakatika.

Si kupungua. Kukatika, kama mtu amezima redio. Nikabaki nasikia mapovu yangu tu.

Kuba la kumi na tisa lilikuwa mbele yangu, jeupe. Nikalimulika tochi. Nikaweka kiganja juu yake. Maji yale huwa ya baridi, lakini zege lile lilikuwa na joto. Joto la mtu mwenye homa. Kila fundi atakwambia zege hutoa joto likiwa linakauka. Lakini hili lilikuwa na miezi minane.

Nikagonga kwa nyundo. Halikuacha hata alama. Nikagonga tena kwa nguvu zote, nyundo ikaniponyoka, ikazama mchangani. Nikamulika ndani kupitia tundu la ubavuni, ndipo nikaona: upande wa pili, kwenye ukuta wa ndani, ncha ya uzi imejitokeza. Urefu wa kidole. Ina fundo.

Mkono wangu haukuufikia kutoka nje. Nilijaribu matundu yote saba. Uliishia kiwikoni.

Likabaki tundu la juu.

Nilishaingia makuba mengine mara nyingi kusafisha vyombo vya kupimia; tundu la juu linanitosha mimi na mtungi wangu, bila shida. Nikajiambia hivyo. Nikashusha miguu kwanza, nikajipenyeza, nikachuchumaa ndani. Magoti yakagusa kidevu. Viwiko vikabana mbavu.

Harufu ya saruji mbichi ikaingia ndani ya miwani yangu. Chini ya maji hakuna harufu. Naijua bahari miaka kumi na mbili, hakuna harufu kule. Lakini ilikuwepo.

Na kulikuwa na mtu anapumua.

Ssss.

Nikasema ni kipumulio changu. Nikazuia pumzi. Nikahesabu moja, mbili, tatu...

Ssss.

Nyuma ya shingo yangu.

Sikugeuka. Hapakuwa na nafasi ya kugeuka, na nashukuru. Nilimulika ukuta mbele yangu tu. Ukuta wote wa ndani, kuzunguka matundu, ulikuwa na michirizi. Minne minne, ikishuka. Vidole. Zege lilikuwa limechimbwa kwa vidole, sentimeta kwa sentimeta, na karibu na tundu moja palikuwa pameingia kama kikombe.

Dada yangu. Miezi minane.

Nikachomoa kisu. Nikaushika uzi kwa vidole viwili, nikauvuta. Ulikuja kwa urahisi, kama uzi unaotoka kwenye kitambaa kikuukuu. Ukaja, ukaja, mpaka fundo la pili. Nikakata katikati.

Pumzi nyuma yangu ikavutwa mara moja, ndefu, ya kushiba. Kisha ikatoka. Kitu kikapita juu ya bega langu, chepesi, kikaelekea tundu la juu. Nikajua ametoka. Usiniulize nilijuaje. Mtu aliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto, unamjua hata akipita gizani.

Nikainuka nimfuate.

Kang!

Mtungi wangu ukagonga zege.

Nikajiweka sawa, nikainuka tena. Kang. Nikapapasa juu kwa mkono. Tundu lilikuwepo. Lilikuwa la ukubwa wa sahani.

Nilijaribu kichwa. Nilijaribu bega. Nikageuza shingo mpaka miwani ikaingia maji. Nikaita jina la dada yangu ndani ya kipumulio, likatoka kama mapovu. Mimi si mtu wa hofu. Nimewahi kunasa kwenye wavu, nimewahi kuishiwa hewa, kila mara nilijua la kufanya. Pale hapakuwa na la kufanya. Kila nilichojua kilihitaji nafasi ya kunyoosha mkono.

Kisha mwanga ukaanza kuondoka.

Tundu la kwanza, la kushoto kwangu, likawa jeusi. Nilidhani ni kiza cha jioni. Halafu la pili. Nikaliangalia la tatu likizibwa. Kitu kilikuja taratibu kutoka nje, bapa, kikajibandika, kama kiganja cha mtu anayeziba mdomo wa chupa. La nne. La tano. Hakikuwa na haraka. Nikasikia, kwa mara ya kwanza, hatua. Mtu anatembea mchangani kulizunguka kuba. Chini ya mita kumi na nne za maji.

La sita.

La saba.

Nikabaki na tochi. Sindano ya geji ya hewa ilikuwa imeshuka hadi hamsini. Niliposhuka ilikuwa mia mbili, na kwa hesabu yangu hazijapita dakika nane. Kibao changu cha kuandikia kilikuwa kinaning'inia kifuani, kalamu imefungwa kwa kamba. Mwanga wa tochi ukakiangukia.

Chini ya safu zangu za samaki palikuwa pameandikwa kitu.

*Nafasi ni moja. Nani?*

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nitalisema hili kama lilivyokuwa, kwa sababu nimeshalificha sana. Nimesikia watu wakisema kwamba mtu akifika ukingoni huwaza wema. Mimi sikuwaza wema. Jina langu halikunijia hata kidogo. Sikusema, "Basi, nibaki mimi, dada apone." Dada alishatoka, nilichotaka ni kutoka na mimi. Nilitaka hewa. Kuta zilikuwa zimekaribia, nilizisikia mgongoni na mapajani kwa pamoja, zina joto, zinakaza kama zege linavyokaza. Sindano ikasoma arobaini. Nilishika kalamu.

Niliandika jina la shemeji yangu. La kwake, la baba yake, na la babu yake, ili kusiwe na makosa.

Na nilipoliandika sikutetemeka.

Mwanga wa kijivu ukarudi katika matundu yote saba kwa mpigo. Nikainuka, mtungi haukugusa popote. Nikatoka. Nilipanda kwa kasi isiyoruhusiwa, kwa mapezi yote, bila kutazama chini. Nilipotoa kichwa, jua lilikuwa bado halijamaliza kuzama.

Kapteni Pole alinivuta kwa mikanda ya mtungi. "Mbona umerudi? Dakika sita tu."

Nilikuwa nimelala kwenye sakafu ya boti nakohoa. Yeye akaokota kibao changu, akakisogeza kwenye mwanga, akakisoma. Akacheka kidogo.

"Sasa huyu naye ni samaki wa aina gani? Umemhesabu mtu leo, binti?"

Nikakichukua. Swali halikuwepo. Palikuwa na safu za samaki, na chini yake jina la shemeji yangu, lote, kwa herufi zilizonyooka.

Nilipofika kwa dada nilisikia kicheko toka uchochoroni. Nikakimbia. Dada yangu alikuwa amesimama sebuleni, kanga kiunoni, ufagio mkononi, anamgombeza jirani aliyekuwa akimsaidia kazi kwa kuacha nyumba iote utando wa buibui. Akaniona, akautupa ufagio, akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma.

"Nimeamka tu!" akasema. "Kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Hewa, mdogo wangu! Hewa tamu hivi, na ni ya bure!"

Nililia begani kwake. Alidhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia.

Tulikuwa bado tumesimama pale walipomleta shemeji. Vijana wanne wa karakana, wamembeba kwenye turubai. Walisema alikuwa amesimama karibu na mashine ya kuchanganyia zege, anaongea, ghafla akakunja magoti, akashika viwiko, akaanguka ubavu kama mtu aliyekunjwa na mkono mkubwa. Hakuwa na jeraha.

Ssss.

Hiyo ni miezi mitano sasa.

Dada yangu amerudi kufundisha, lakini nusu siku. Nusu nyingine yuko kitandani kwa mumewe. Anamgeuza, anamwogesha, anamlisha kwa kijiko, anamsimulia vituko vya watoto. Anamwambia, "Mimi nilipona, na wewe utapona. Uliningoja, na mimi nakungoja." Yule mtu getini hajaonekana tena. Nilimuuliza kila mlinzi wa zamu. Mmoja tu ndiye aliyesema, baada ya kufikiri sana, kwamba aliwahi kuulizwa na mtu bahari iko wapi, lakini hakumbuki sura, na aliniomba nisimuulize tena.

Makuba yanastawi. Mradi unaongeza mengine arobaini. Mwezi huu nimehesabu aina sitini na mbili za samaki. La kumi na tisa bado ni sifuri, na sasa silikaribii. Naliandika kwa mbali.

Najua mtakalosema. Kwa nini usirudi ukamtoe? Nitarudi, nitaingia, nitaukuta uzi mwingine, nitaukata. Kisha nitaulizwa. Nimeshajijua ni mtu wa kujibu nini.

Na dada siwezi kumwambia. Si kwa kuogopa hasira zake. Hasira zake ningezibeba. Ni kwamba nikimwambia, atajifunza kuzama hata kwa mwezi mmoja. Atakwenda. Na yeye kalamu akipewa, hatafikiri mara mbili. Atajiandika mwenyewe.

Kwa hiyo nakwenda pale kila jioni, nakaa, nanyamaza.

Jana dada alikuwa jikoni. Nilikuwa peke yangu na mgonjwa, namfuta jasho. Mwezi mzima hakuwa ametoa neno. Macho yake yalikuwa yananitazama, kama kawaida yanavyonitazama, bila kupepesa. Midomo ikachezacheza. Nikainama. Harufu ya saruji ikanipiga usoni.

"Nilijua... ataulizwa... anayeingia," akanong'ona. "Ndiyo maana... sikwenda." Ssss. "Hata mimi... ningekuandika wewe."

Sufuria ikawekwa chini kwa kishindo. Dada alikuja mbio, mikono ina unga, uso wote umewaka kwa matumaini.

"Ameongea! Nimemsikia ameongea! Amesema nini? Niambie, amesema nini?"

Shemeji alinitazama. Mimi nikamtazama yeye.

"Amesema ana kiu," nikamjibu.

"Alhamdulillahi," akasema dada yangu, akakimbilia kuchukua maji.